Jina Lake kwenye Ukurasa wa Shukrani

Mimi habari ikinijaa siwezi kutembea kama watu. Siku ile nilishuka basi la 71 vituo viwili kabla ya changu, kwa sababu niliona linajikokota, nikaikimbia barabara ya Chaussée d'Ixelles, hapa Brussels, na viatu vyangu vya kisigino, simu mkononi. Dada mmoja wa saluni, wale wanaosimama mlangoni kuvuta wateja, akaniuliza, "Weye, nani anakufukuza?"

"Bahati," nikamjibu bila kusimama.

"Basi punguza mbio ikukute."

Nikacheka mpaka kona. Sikupunguza.

Habari yenyewe ni hii. Mémoire yangu, ile kazi ya kumalizia chuo niliyoiandika miezi tisa mpaka mama akaniuliza kama ni mimba, imechaguliwa. Kati ya wanafunzi wote wa historia wa mwaka wetu, wawili tu watasimama mbele ya maprofesa mwezi wa sita kusoma walichoandika, na mmoja wa hao wawili ni mimi, Sumaya, binti wa Mama Rukiya wa Buyenzi, Bujumbura. Na kurasa za mwanzo tayari wameziweka kwenye mtandao wa chuo, kila mtu azione.

Niliandika juu ya wakomunisti wa Ubelgiji na uhuru wa Kongo. Mama alipouliza hao ni watu gani, nikamwambia ni wazungu wachache waliosema Kongo iwe huru wakati wazungu wengine wanasema ngojeni kwanza miaka thelathini. Mama akafikiri. "Walikuwa wanaswali?" Nikamwambia hapana. "Basi," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Lakini habari iliyokuwa inanikimbiza siyo hiyo peke yake. Kulikuwa na nyingine ndani yake, kama zawadi ndani ya zawadi, na hiyo ilikuwa ya Éliézer.

Tulikuwa tunakutana kwenye lavoir, ile nyumba ya mashine za kufulia za kulipia, nyuma kidogo ya barabara. Msinicheke. Kwangu Laeken hawezi kuja, mama hamjui. Kwake pia siwezi kwenda, anakaa kwa dada yake mkubwa, yaya Nathalie, mama wa maombi, aliyeniona mara moja tu barabarani akatamka kwamba msichana Mwislamu anayeongea kama redio hataingia mlango wake. Mkahawani lazima ununue kitu kila baada ya dakika kumi. Lakini lavoir kuna joto, kuna benchi, na ukiwa na kitu kinachozunguka kwenye mashine hakuna wa kukuuliza. Kwa hiyo miezi minane tulikuwa tunafua taulo mbili zilezile. Moja ilikuwa ya kijani. Ilikuwa imeshaisahau rangi hiyo.

Kazi ya Éliézer ni kusaidia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha supu. Asubuhi alikuwa kule Uccle, mchana kwa mzee mmoja wa Ixelles, na katikati hapo alikuwa na dakika arobaini. Arobaini hizo ndizo zilikuwa mapenzi yetu. Tulizoea kusema siku moja tutapata siku nzima, tupande treni twende Ostende tukaone bahari, tukae mpaka tuchoke kuonana.

Nilipofungua mlango alikuwa ameshafika. Hakunyanyuka. Kawaida ananyanyuka, ananipokea mkoba, anagusisha midomo yake kwenye paji langu haraka kama mtu anayeiba, halafu anaangalia nje. Siku ile alikaa na mikono katikati ya magoti, mikono ile mikubwa iliyopasuka na sabuni ninayoijua kila mstari. Na funguo hazikuwepo. Funguo za wazee wake huwa anazivaa shingoni, zinalia akitembea, hata nikiwa na macho yangu kwenye simu najua ni yeye. Nikaona shingo tupu. Nikaona pia mashine haizunguki.

Nikaona yote hayo, wallahi, lakini habari yangu ilikuwa imeshafika kwenye meno.

"Kaa chini, Suma," akasema.

"Ngoja, mimi kwanza."

"Chérie, kaa chini."

"Dakika moja tu. Halafu utaongea mpaka kesho." Nikafungua simu. "Wamenichagua. Nitasimama mbele ya maprofesa. Na hii, sikiliza hii, hii ni yako. Iko kwenye mtandao tangu juzi, nilikuwa nakuficha ili nikusomee mwenyewe."

Nikamsomea ukurasa wa shukrani. Niliuandika kwa Kifaransa, lakini kwa Kiswahili unasema hivi: Na kwa Éliézer Mushagalusa, ambaye mikono yake inaogesha miguu ya Madame G. kila asubuhi kule Uccle, na ambaye masikio yake yalinihifadhia sura ya tatu yote. Bila yeye nisingejua. Bila yeye nisingependa.

Nikainua macho. Nilikuwa nangoja yale macho yake yanayojaa polepole, ambayo hayamwagiki. Nilichokiona siwezi kukisema vizuri. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake kwa mbali, inaungua, na wewe umesimama mbele yake unamwambia tazama mwanga.

"Nilishaisikiaka," akasema.

"Wapi?"

"Leo asubuhi. Mutoto wa Madame njo alinisomea. Pale kwa mulango."

Nikakaa.

Lazima niwaambie kidogo juu ya Madame, ndiyo mtaelewa. Anaitwa Madame Godelieve. Mwaka hamsini na nane alikuwa msichana wa miaka ishirini, mpiga taipu kwenye ofisi ya chama cha wakomunisti hapa Brussels. Mwaka huo yalikuwepo yale maonyesho makubwa ya Heysel, na Wakongo mamia waliletwa kufanya kazi na kutazamwa. Jioni wachache wao walikuwa wanajiiba kwenda kunywa kahawa na wakomunisti, maana hao ndio waliowavutia kiti na kuwaita monsieur, bwana. Kumi na moja wakakubali kutumiwa gazeti la chama wakirudi kwao. Madame akapewa kazi ya kupiga majina yao kwenye taipu. Amri ilikuwa nakala moja tu, na isitoke ofisini. Yeye akapiga mbili. Ya pili akaiweka kwenye mkoba wake, kwa sababu jina la kwanza kabisa lilikuwa la Modeste, karani wa Bukavu aliyemfundisha kucheza rumba, na alitaka kumwonyesha jinsi jina lake lilivyopendeza likiandikwa na mashine, na neno monsieur mbele yake.

Baba yake Madame alikuwa polisi. Mkoba ulikuwa juu ya kiti cha jikoni.

Wanne walishikwa uwanja wa ndege wa Léopoldville hata mizigo hawajachukua. Modeste alikuwa mmoja wao. Miaka miwili baadaye nchi ikawa huru, watu wakacheza barabarani, na Madame hakupata barua hata moja. Hakumwambia mtu. Hakumwambia mume wake mpaka akamzika, hakumwambia mtoto wake. Alimwambia Éliézer, asubuhi moja, miguu yake ikiwa kwenye beseni, alipomuuliza "wewe kwenu ni wapi" na yeye akajibu Bukavu.

Na Éliézer akaniambia mimi. Dakika arobaini arobaini, taulo zikizunguka. Na mimi nikaandika.

"Alisema nini mtoto wake?" nikauliza.

"Hakusema mingi. Alikuwa ametafuta jina yangu kwa mtandao, akapata ile yako. Alinisomea, alafu aliniomba funguo. Nikamupa. Madame alikuwa tayari kwa salle de bain, nilikuwa nimeshamuwekea maji. Nikamusikia anaita, Éliézer, maji inapoa. Mara tatu. Mutoto wake akafunga mulango."

Nilitaka kumshika mkono. Aliusogeza, siyo kwa hasira, aliusogeza tu kama mtu anayempisha mwingine.

"Bon," akaendelea, "nikapigiwa simu na Océane, chef, mukubwa wetu wa kazi. Anasema siri ya kazi. Anasema nilisign papier siku ya kwanza, na ni kweli nilisign. Wamenisimamisha. Wazee bote. Alhamisi niko na réunion, kikao ya kazi, na njo watasema kama ninabaki ao ninaenda."

"Lakini sikuandika jina lake. Niliandika Madame G."

"Mimi uliniandika muzima."

"Kwa sababu ulitaka. Wewe mwenyewe. Miezi minane unaniambia, Suma, unanificha, Suma, unionyeshe mbele ya watu, Suma, hata jina yangu hausemake."

"Mbele ya mama yako."

"Nilifikiri..."

"Nilikuombaka unitaje mbele ya mama yako. Sikukuombake mbele ya université. Maprofesa banifanyie nini? Banipe dada yao niowe?"

Siku nyingine ningecheka. Yeye mwenyewe alikaribia, nikaona kona ya mdomo ikitaka, ikakataa. Ndipo na mimi nikapandwa. Nawaambia ukweli, nilikasirika, maana nilikuja nikikimbia na zawadi na sasa nimekalishwa kama mtuhumiwa.

"Na yeye kwa nini aone aibu?" nikasema. "Watu wote wanaandika juu ya wakubwa waliokaa mezani. Nani anajua kulikuwa na msichana anapiga taipu usiku ili Wakongo wasome gazeti? Wakomunisti wenyewe wamesahaulika. Mimi nimemrudisha. Hiyo ni heshima, Éliézer. Hiyo ni historia."

"Hakuniambiaka historia."

"Sasa ni nini?"

"Aliniambia sababu miguu yake ilikuwa kwa maji." Alisema polepole, akitafuta. "Weye haujui ile. Muntu mukubwa, ule aliyesoma, unamutoa nguo, unamuosha kama mutoto. Anaona haya. Donc anatafuta kitu ya kukupa, ju asibaki yeye peke yake njo uchi. Anakupa siri yake. Iko vile. Haiko yangu, haiko yako. Ni nguo anavaa."

Hapo ningeacha, lakini hiyo ndiyo shida yangu, mdomo wangu hauningoji.

"Basi kwa nini uliniambia mimi?"

Hapo aliniangalia sawasawa. "Ju nilikuwa napenda vile unasikilizaka. Kwa yaya nikirudi, anauliza kama nimekula, kama nimeomba. Weye unauliza, alafu? alafu akafanya nini? Hakuna muntu alinisikilizaka vile. Kosa ya kwanza ni yangu, Suma. Mi njo nilianza. Ya kwako ni ya pili."

"Ya pili ni kubwa zaidi?"

"Ya pili iko kwa mtandao."

Mwanamke mmoja aliingia na mfuko wa shuka, akatuangalia, akachagua mashine ya mbali kabisa. Tukangoja mpaka maji yakaanza kuingia. Kelele ikatufunika.

"Kitu kimoja sielewe," Éliézer akasema, sasa sauti chini. "Ulikuwa hapa, kwa hii benchi, siku ulimaliza ile sura. Ulilia. Uliniambia, tazama huyu msichana, aliandika jina ya muntu ju anamupenda, na ile jina ikamupeleka jela. Ulilia mpaka nikakupa taulo. Alafu ukaenda nyumbani ukaandika yangu."

Ningemjibu nini? Mniambie nyinyi. Nilisoma vitabu arobaini na viwili juu ya chama kile, najua nani alikuwa katibu mwaka gani, najua walikuwa wangapi na walitukanwa vipi, najua kosa la Madame kwa tarehe na saa. Na nilipofika kwangu mwenyewe nikapiga nakala ya pili. Tena kwa furaha. Tena na neno mapenzi ndani.

Nikaweka mikono usoni. Yeye hakunishika. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote aliyosema, kwa sababu Éliézer ni mtu wa kushika, ndiyo kazi yake, anashika watu asiowajua.

"Yaya Nathalie anajua?" nikauliza nikiwa ndani ya mikono yangu.

"Nilimupigia. Anasema kuko njia. Pale kwa Madame kuko cahier, ile tunaandikaka kila siku, alikula nini, alilala vizuri ao hapana. Yaya anasema niandike kwa Océane kama weye ulikuja siku moja kunitafuta, ukaingia, ukasoma cahier na ukaongea na Madame bila mimi kujua. Vile kosa yote ni yako."

"Basi andika hivyo."

"Unaona? Unasema haraka."

"Andika, Éliézer. Watanifanya nini mimi? Nitasema ndiyo, nilidanganya."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze."

"Na mimi nitakuwa muntu ya namna gani?" Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye ile mashine ya sabuni, akarudi. "Kila mara unataka kunipa kitu kikubwa. Sikuombake kubwa. Nilikuomba kidogo. Jina moja, kwa mama mmoja, kwa jiko moja ya Laeken. Ile hauweze. Lakini kufukuzwa université unaweza."

Nikachukua simu. Sikuwa na mpango, vidole vilikwenda vyenyewe. Nikamwandikia promotrice wangu, profesa anayesimamia kazi yangu, kwamba natoa sura ya tatu yote, nilipewa na mtu asiyekuwa na ruhusa, na mwenye habari hakuulizwa, na naomba zile kurasa za mwanzo zishushwe kwenye mtandao leo hii kabla ya jioni. Nikamwonyesha Éliézer. Akasoma mpaka mwisho, midomo ikitembea. Nikabonyeza ikaenda.

Sasa nitawaambia nilichokuwa nakingoja, hata kama ni aibu. Nilikuwa nangoja anikumbatie. Miezi tisa ya kazi nimeitupa mbele ya macho yake, kwa ajili yake, ndani ya dakika moja. Nilikuwa nimeshainua uso.

"Umefanya vizuri," akasema.

Hivyo tu. Kwa sauti ile anayomwambia mzee aliyemaliza supu.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Unataka niseme nini?"

"Sijui. Kitu chochote. Nimeitoa sura nzima."

"Ilikuwa ya Madame," akasema. "Umemurudishia."

Nikaangalia saa ya ukutani, kwa mazoea. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita. "Saa ngapi unatakiwa kwa mzee wa Ixelles?"

"Siendi. Nilikuambia, bote."

"Kwa hiyo una mchana wote."

"Niko na siku nzima," akasema, na sauti yake ikapasuka kidogo mwishoni, kwa sababu wote wawili tulisikia. Siku nzima. Ndiyo hii, imekuja yenyewe, bila treni na bila Ostende, na tulikuwa tumesimama ndani yake hatujui tuiweke wapi. Yeye akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Unakwenda wapi?"

"Natembea tu."

"Twende wote."

"Hapana, Suma. Leo hapana." Alisimama mbele yangu kitambo, karibu, nikasikia ile harufu ya cologne ya Madame inayobakia kwenye mikono yake kila asubuhi. Macho yake yakapita usoni mwangu polepole, kutoka kwenye nywele mpaka kidevuni, kama mtu anayehakikisha amefunga milango yote kabla ya kuondoka. Halafu akaondoka. Dakika kumi na tano za arobaini zilibaki. Alizoea kuzitumia zote, hata ya mwisho akiwa mlangoni.

Jibu la promotrice lilinikuta kituo cha basi. Alikuwa mpole, hilo ndilo baya. Alisema nimefanya jambo la haki, na kurasa zimeshashushwa. Alisema bila sura ya tatu kazi inabaki nzuri lakini siyo ya kusomwa mbele ya watu, nafasi yangu itachukuliwa na mwingine, na kuitetea nisogeze mpaka mwezi wa tisa. Nikaisoma mara mbili. Mabasi mawili yakanipita.

Nyumbani mama alikuwa anakunja sambusa za harusi ya watu, meza imejaa, redio inaongea peke yake. Nikavua viatu, nikakaa upande wa pili, nikachukua manda, nikaanza kukunja na mimi.

"Leo huna habari?" mama akauliza.

"Ninayo."

"Itoe basi. Mbona umeikalia kama kuku."

"Kuna mtu, mama."

Hakuacha kukunja. "Mtu wa wapi?"

"Wa Bukavu. Anaitwa..." Nikasema jina lake. Nililisema zima, lake na la baba yake, na kinywa changu kilikauka kama nimekula unga.

"Hilo jina la Kikristo."

"Ndiyo, mama."

"Anafanya kazi gani?"

"Anaogesha wazee. Wamemsimamisha. Kwa sababu yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi."

"Nauliza mmejuana tangu lini."

"Miezi minane."

Sambusa ikapasukia mkononi mwake, nyama ikamwagika mezani. Akaizoa kwa vidole, kidogo kidogo, akairudisha kwenye bakuli. "Miezi minane," akasema. "Unaniletea habari za Brussels nzima. Jirani kanunua friji, unaniambia. Mtoto wa fulani kakata nywele, unaniambia. Hii ukaifungia kabatini."

"Nilijua utakataa."

"Na nimekataa. Mimi sina binti wa kupeleka kanisani, kalale ukijua hivyo." Akachukua manda nyingine. "Lakini ungenipa nafasi ya kukataa mapema. Ningekataa, angekuja kuniomba, ningekataa tena, mambo yangekwenda kama yanavyokwenda. Siyo mtoto wa watu apoteze kazi kwa sababu ulikuwa unaniogopa mimi."

Alikuwa hajui chochote cha mtandao wala cha Madame, na alipiga katikati kabisa. Nikainuka, nikaenda chumbani, nikampigia.

Iliita mpaka nikadhani imekatika.

"Oui," akasema. Nyuma yake kulikuwa na upepo.

"Nimemwambia mama."

"Ulimwambia jina yangu?"

"Lote. Na la baba yako."

"Ju ya nini leo?"

"Kwa sababu ndicho ulichoniomba. Vingine vyote nilivibuni mimi."

"Alisema nini?"

"Amekataa."

Nikasikia pumzi ikimtoka puani, nusu kicheko. "Bon. Angalau sasa anakatala mimi. Zamani hakukuwa hata muntu wa kukatala."

"Éliézer, nije Alhamisi? Nitasimama nje tu, sitaongea."

"Weye? Hautaongea?"

"Sitaongea."

"Hapana. Jeudi naenda peke yangu, nasema kweli yote, ya kwangu na ya kwako." Akavuta pumzi. "Na usimuambie muntu. Hata rafiki zako. Hata moja, Suma."

"Utanipigia baadaye?"

Alikuwa ameshakata.

Alhamisi ilifika, ikapita. Yaliyosemwa kwenye ile réunion nayajua, kwa sababu alinipigia, jioni yake, akaongea muda mrefu na mimi nikasikiliza. Najua pia kama Madame alipata wa kumuogesha, na kama alimuuliza mtoto wake swali lolote. Rafiki zangu wameniuliza mpaka wamechoka. Mama naye huuliza akijifanya anauliza kitu kingine. Siyasemi. Yananijaa mpaka hapa kooni, natembea nayo kama mtu aliyebeba maji kichwani bila kata, na siyasemi.

Hata kurasa hizi nilimpelekea kwanza. Alikaa nazo siku tatu bila neno, siku ambazo sikula vizuri. Halafu akaniandikia mstari mmoja: iko sawa, lakini toa jina yangu, na ya Madame pia.

Nimeyatoa. Huyo mnayemjua kama Éliézer haitwi Éliézer. Tangu zile kurasa zishushwe, jina lake la kweli nimemtajia mtu mmoja tu, naye ni mama yangu, ambaye bado anakataa.